Kwanza waling'oa mipamba

Leo nimesahihisha insha za Vita vya Maji Maji, vile vya kupinga utawala wa Wajerumani. Aya moja imebeba kodi, pamba na mganga Kinjikitile, yote ndani ya mistari mitano! Kila sababu imetajwa, ikaachwa hapo.

Chukua pamba peke yake.

Sentensi ya kwanza itoe dai: kilimo cha lazima kiliwasukuma Wamatumbi kupigana.

Kisha ushahidi: Julai 1905, kule Nandete, Umatumbi, waling'oa mipamba.

Halafu sentensi mbili za ufafanuzi, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwa nini mipamba kwanza? Kwa sababu shamba la pamba lilikula muda wa kulima chakula, na ujira wake ulikuwa kiduchu.

Walimu wenzangu, hiyo "kwa nini" mnaifundishaje?