Siku moja ya fundi wa mtandao Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda

Saa 12 asubuhi. Sijanawa uso, nimeshafungua simu kutazama ramani ya nodi zetu, yaani ruta na antena zilizo juu ya mapaa. Mvua imenyesha usiku kucha, na kiungo cha shuleni na kanisani, ambacho jana kilisoma ubora wa 240 kati ya 255, leo kimeshuka hadi 58. Shule haijakatika, maana data imejipitishia zahanati. Mtandao wa meshi ndivyo unavyofanya: kila ruta inajuana na majirani zake, mmoja akizidiwa mwingine anapokea mzigo. Lakini njia ya zahanati ni ndefu, na ruta zetu zina redio moja. Haziwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja, basi kila mruko, yaani kutoka ruta moja hadi nyingine, unakula karibu nusu ya kasi.

Saa 2. Chai, rolex moja (chapati iliyoviringishwa na mayai), boda, tope.

Saa 3. Nikiwa juu ya paa la kanisa naona kisa chote. Mparachichi wa jirani umelemewa na mvua, tawi limeinamia mbele ya antena. Majani mabichi yamejaa maji, na maji humeza mawimbi ya gigahezi 5.

"Jambo mama. Naomba tupunguze tawi moja."

"Mwana wangu, mti huu ndio unanunulia watoto madaftari. Tafuta njia nyingine."

Nimemwelewa. Nodi zetu zote 14 zinakaa juu ya nyumba za watu. Nikimkatia mama huyu tawi, kesho nani atanikubalia paa lake?

Saa 5 mpaka saa 8. Tunarefusha nguzo kwa mita mbili, vijana wawili wameshika ngazi. Nikichomoa plagi ya waya nakuta shaba imeota kutu ya kijani. Waya ulivutwa ukiwa umenyooka kutoka antena hadi kwenye ruta, maji yakateremka nao mpaka ndani. Nakata, nabana plagi mpya, kisha naulegeza waya uning'inie kitanzi chini ya ruta, matone yadondokee hapo. Kitanzi hakina gharama yoyote, na kila anayejifunza kwangu huanzia hapo.

Saa 9. 231!

Saa 11 jioni. Shuleni watoto wanasoma Wikipedia ya Kiswahili kutoka kwenye seva yetu ndogo, kompyuta inayohifadhi kurasa hizo hapa hapa, bila bando. Januari 2021, intaneti ilipozimwa Uganda nzima wakati wa uchaguzi, nilikuwa na simu isiyo na kazi mkononi. Siku zile ndipo nilipoamua kujifunza kazi hii, kwa sababu seva iliyo hapa hapa haihitaji intaneti ya nje. Msichana mmoja ananiuliza moyo una vyumba vingapi, halafu ananionyesha jibu kabla sijafungua mdomo.

Saa 3 usiku. Nodi ya upande wa ziwani imezima. Betri, nadhani, jua halikuonekana leo. Nimeshamwomba mwenye boda anichukue saa 1.