Pariti, biti saba na mizani ya ghalani

Leo nimeshinda na mizani. Kuna jamaa ana ghala la nafaka, anataka uzito uingie moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kijana kuuandika kwenye daftari, na mizani yenyewe ni ya zamani ila nyuma ina tundu la RS-232 (njia ya zamani ya kutuma data kwa waya, biti moja baada ya nyingine), basi nikaweka kichip cha MAX3232 katikati cha kulinganisha volti, nikaunga Arduino Mega, bodi ndogo ya kuprogramu, maana ina seriali nne (milango ya data ya namna hiyo), moja ya mizani moja ya kompyuta, kasi biti 2400 kwa sekunde, haya tuone. Tarakimu zikaja, lakini nusunusu. 0, 3, 5, 6 na 9 safi kabisa, halafu 1, 2, 4, 7 na 8 zinatoka alama za ajabu ajabu.

Ukiona hivyo wala usishike multimita. Kelele za waya hazichagui tarakimu bwana. Hiyo ni pariti, biti ya ziada inayotumwa na kila herufi ili idadi ya moja ndani yake iwe shufwa, yaani igawanyike kwa mbili. Chukua 3, kwenye ASCII (orodha ya namba za herufi) ni 0x33 kwa heksadesimali, kwa biti 0110011, ndani yake tarakimu 1 zipo nne, tayari ni shufwa, kwa hiyo pariti yake ni 0 na inapita bila kuonekana. Sasa chukua 1, hiyo ni 0x31, moja zipo tatu, mizani inaongeza pariti ya 1 ili zitimie nne, na wewe kama umejiweka 8N1, yaani data biti nane bila pariti, unaikuta ile pariti imekaa pale juu kama biti ya nane ya data, 0x31 imeshageuka 0xB1. Na hakuna anayelalamika! 7E1, mpangilio wa mizani hii, ni biti ya kuanza, saba za data, pariti, biti ya kumaliza, jumla 10. 8N1 nayo jumla 10. Fremu (kifurushi cha biti za herufi moja) zina urefu uleule, chip inaona mambo shwari tu. Hata alama ya mwisho wa mstari, 0x0D, ina moja tatu, inafika ikiwa 0x8D, programu inayoisubiri itasubiri mpaka mwakani.

Wengi hapa wanafyeka ile biti kwa 0x7F (wanabakiza biti saba za chini tu) na maisha yanaendelea. Inafanya kazi, sikatai, ila mi sipendi, maana umetupa mlinzi pekee uliyekuwa naye. Andika SERIAL_7E1 kwenye begin, ile amri ya kufungua seriali, chip ikague yenyewe.

Kinachonichosha ni jinsi kila chip inavyohesabu kivyake. AVR, chip ya hiyo Arduino, ukiiambia data saba ni saba, pariti inaongezwa pembeni. Njoo kwenye chip ya STM32F103, ile ya bodi ya Blue Pill, urefu wa neno (biti zilizo kati ya ile ya kuanza na ya kumaliza) ni 8 au 9 na pariti imo humohumo, kwa hiyo 7E1 unaweka 8 na 8E1 unaweka 9, na ukisoma rejista ya data (kisanduku cha chip kinachoshika herufi iliyofika) mwenyewe ndani ya intarapti, yaani msimbo unaoitwa herufi ikifika, unakuta pariti bado iko juu, lazima uifute. Halafu butiloda yao ya seriali (programu ya kupakia msimbo kwenye chip) inataka 8E1, ukiifungulia terminali ya kawaida ya 8N1 ukaanza kuandika utadhani chip imekufa.

Ila kilichonikalisha chini jioni ni kingine. Pariti ikigoma, inakuwaje? Nikafungua msimbo wa maktaba ya seriali ya Arduino za AVR: ikiona kosa la pariti inaisoma ile baiti na kuitupa, kimyakimya, hakuna taarifa yoyote kwako. Sasa fikiria mizani imetuma 0125.50, ile 1 imepata hitilafu njiani, wewe unapokea 025.50. Ni namba halali kabisa! Gunia la kilo mia na ishirini na tano na nusu limekuwa la ishirini na tano na nusu, na kompyuta inaamini. Afadhali zingekuja zile alama za ajabu, angalau mtu angeshtuka.

Kwa hiyo sasa nahesabu herufi. Mstari usipotimia urefu wake unatupwa wote, siokotezi vipande. Na bado, pariti inakamata biti moja ikigeuka, au tatu, zikigeuka mbili kwenye baiti ileile hesabu inarudi shufwa na inapita. Modbus RTU, utaratibu wa mawasiliano ya mashine za viwandani, haikujidanganya hapo, ina pariti shufwa kama chaguo la kawaida na juu yake CRC ya biti 16, namba ya kukagua ujumbe mzima. Mizani hii haina kitu kama hicho, lakini inatuma mfululizo bila kuombwa, basi nimeweka mpaka mistari mitatu ifuatane ikiwa sawasawa ndipo uzito uandikwe. Jamaa kashaanza, oh mbona inachelewa. Nimemwambia kaka, gunia halina miguu, subiri.

Kesho nahamisha kebo, imepitishwa ubavuni mwa mota ya mashine ya kukoboa, sijui nani aliona hapo ndo pazuri.