Lupu moja niliyoivunja ikanifundisha kutengeneza tekno

Miezi mitatu baada ya kuanza nilikuwa na mafaili 43 kwenye kompyuta, na hata moja halikuvuka dakika ya pili. Kila moja lilikuwa na baa 8 tamu kabisa, baa moja ikiwa mapigo manne. Nilikuwa nachukua lupu ya kiki, ile ngoma nzito ya chini, juu yake natandika lupu ya haihati, yaani matoazi madogo, kisha lupu ya besi, kisha mvumo fulani wa mbali wa kujaza nafasi, na ndani ya dakika 10 hedifoni zinatoa kitu kinachosikika kama tekno, ule muziki wa kudansi wa mashine, ya watu wazima. Nakiacha kizunguke. Nakisikiliza mara 20, mara 30, nimefurahi kweli. Halafu nagota. Nikiongeza lupu nyingine, panajaa. Nikitoa moja, panapwaya. Naishia kufungua faili jipya.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anaanza: lupu ni kipande kilichokwisha kupangwa, mara nyingi cha baa 1, 2 au 4, kilichokatwa ili kijirudie bila kusikika pale kinapoungana. Wanshoti ni sauti ya pigo moja. Kiki moja, kofi moja, haihati moja, noti moja ya besi. Haina mdundo wowote ndani yake mpaka wewe uupange.

Sitazisema vibaya lupu, maana bila hizo ningekata tamaa wiki ya kwanza. Wapo wanaoamini kwamba kutumia sauti zilizotengenezwa na mtu mwingine ni kudanganya, na mimi mwenyewe niliwahi kulibeba jambo hilo kama aibu. Lililonitoa humo ni kusoma kuhusu Roland TR-909, mashine ya ngoma iliyotoka mwaka 1983 na ambayo sauti zake zimejaa kwenye tekno tangu siku za waanzilishi wake Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson kule Detroit, Marekani. Kiki yake, sneya yake (ngoma ndogo kali) na makofi yake vinatengenezwa na saketi ndani ya mashine, lakini haihati zake na matoazi yake ni rekodi za matoazi halisi, zilizohifadhiwa kwa biti 6 tu, ubora wa chini sana. Yaani ile haihati kali, yenye mchanga mchanga, tunayoihesabu kuwa roho ya tekno, ni wanshoti iliyorekodiwa na wahandisi kabla mwanamuziki hajaigusa. Waliolijenga jina la muziki huu walipewa sauti zikiwa tayari. Kazi yao ilikuwa kuzipanga.

Neno hilo, kuzipanga, ndilo lililobadilisha njia yangu. Nikajiuliza: katika yale mafaili 43, ni kitu gani nilichokipanga mimi? Jibu lilikuwa zito. Nilikuwa nimechagua tu.

Basi nikachukua lupu moja ya ngoma niliyoipenda kuliko zote, ya baa 2, mapigo 130 kwa dakika, nikaamua nitaijenga upya kwa wanshoti, pigo kwa pigo, mpaka nishindwe kutofautisha. Nilidhani itanichukua jioni moja. Ilinichukua siku 9, na ndizo siku 9 nilizojifunza zaidi tangu nianze muziki.

Hesabu kwanza. Kwa mapigo 130, baa moja ina sekunde 1.846, na ukiigawa mara 16 kila hatua ni milisekunde 115 na ushee. Nilivuta picha ya wimbi la sauti mpaka nikaona kila pigo, nikalilinganisha na gridi. Kiki zilikaa palepale kwenye pigo la 1, la 2, la 3 na la 4. Kofi kwenye la 2 na la 4. Haihati iliyo wazi katikati ya kiki na kiki. Nikaweka wanshoti zangu mahali hapo hapo, nikabonyeza, ikatoka kitu kikavu kama cherehani. Mahali palikuwa sahihi, sauti zilikaribiana, lakini uhai haukuwepo.

Nikabuni njia ya kusikiliza ambayo naitumia hadi leo: lupu ya asili nikaipeleka yote sikio la kushoto, yangu yote sikio la kulia. Mahali mikono miwili inapopiga sawa, sauti inakaa katikati ya kichwa. Mahali inapopishana, inaruka upande. Nilianza kusikia mambo ambayo miezi mitatu sikuyasikia. Haihati za asili zilichelewa kidogo, milisekunde 8 hivi, na si zote: ile ya tatu ilichelewa zaidi. Nguvu zake hazikulingana hata mbili. Kiki ya nne ilikuwa na mkia mfupi kuliko nyingine, na ufupi ule uliacha upenyo mdogo wa kimya kabla ya baa kuanza upya. Upenyo ule ndio ulionifanya nitikise kichwa! Muda wote nilidhani ni ukali wa kiki, kumbe ni kukosekana kwake.

Siku ya 6 nikaikuta sauti ndogo ya mti, kama kijiti kinachogusa ukingo wa ngoma, imefichwa chini kabisa. Nilijaribu kuipanga mara tano, na kila mara baa ya pili ilinikatalia. Mwishowe nikahesabu hatua kwa hatua. Ilikuwa inapiga kila baada ya hatua 3. Baa ina hatua 16, na 16 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo kila baa inapoanza kijiti kile kinakuwa mahali pengine. Kinahitaji baa 3 kamili ili kurudi kilipoanzia, lakini aliyetengeneza lupu alikuwa na baa 2 tu. Akakikata njiani.

Hapo nikaelewa kwa nini mafaili yangu 43 yalikufa. Kila lupu niliyokuwa nikiitumia ilikuwa ya baa 2 au 4. Nikizipanga nne juu ya nyingine, kila baa 4 zote zinarudi nyumbani kwa pamoja, na sikio likishalijua hilo halina sababu ya kuendelea kusikiliza. Nilikuwa natafuta sauti mpya za kuongeza, wakati shida ilikuwa kwamba kila kitu kinageuka kwa wakati mmoja.

Wanshoti hazina kifungo hicho. Nikakiacha kijiti kitembee hatua zake 3 bila kukatwa. Nikaweka noti ya besi kwenye mzunguko wa hatua 7, ambao unahitaji baa 7 kurudi mwanzo. Nikaweka kengele ya chuma yenye kukwaruza kwenye hatua 5. Kiki ikabaki pale pale, nne kwa baa, kama nguzo. Sauti nne tu. Nikaiacha izunguke dakika 6 bila kugusa chochote, na kwa mara ya kwanza sikutamani kuongeza kitu, kwa sababu kila baa ilikuwa tofauti kidogo na iliyopita. Nilikaa kimya nikisikiliza. Sijawahi kupata tena furaha ya namna ile kwenye kazi hii.

Mengine nilijifunza haraka zaidi. Kunyoosha lupu ili ilingane na kasi yako kunadhuru ngoma: lupu ya mapigo 126 ukiivuta hadi 132, programu inatafuna mwanzo wa kila kiki, na ule mchomo unalegea. Ukiiacha tu ikimbie bila kunyooshwa, mchomo unabaki ila kimo, yaani ujuu wa sauti, kinapanda kwa chini kidogo ya nusu toni, jambo ambalo kwa ngoma mara nyingi halina madhara na kwa besi lina madhara makubwa. Ukikata wanshoti mwenyewe kutoka kwenye rekodi, kata pale wimbi linapovuka sifuri, vinginevyo utasikia mlio wa kukatika. Programu yoyote itafaa. LMMS na Audacity ni za bure na zinatosha kwa yote ninayoyaeleza hapa.

Leseni isome kabla hujapakua. Nyingi za pakiti zinazouzwa zinakuruhusu kutumia sauti ndani ya muziki wako, lakini si kuziuza tena kama zilivyo. Pia lupu uliyoitumia bila kuibadilisha inaweza kuwa kwenye kazi za watu wengine wengi, na mifumo ya kutambua muziki kwenye intaneti huzichanganya. Nilipata dai la hakimiliki la namna hiyo kwenye kipande kimoja cha mwanzo, na ilinichukua muda kulimaliza. Siku hizi wanshoti nyingi nazitoa Freesound, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2005 na watafiti wa muziki wa Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona. Kila sauti pale ina leseni yake ya Creative Commons, leseni za wazi zinazosema unaruhusiwa nini. Zenye alama ya CC0 unazitumia upendavyo.

Sehemu ya chini ya sauti ilinisumbua kwa muda mrefu zaidi. Kiki niliyoipenda ilikuwa na kimo chake, na sikujua kwamba kiki ina kimo. Ilikuwa inalia karibu na hezi 49 (mitetemo 49 kwa sekunde), ambayo ni noti ya G, na besi yangu niliiweka kwenye F kali, hezi 46 na robo. Masafa hayo mawili yanapishana kwa karibu hezi 3, kwa hiyo sauti ilikuwa inavimba na kusinyaa karibu mara 3 kila sekunde. Nilihangaika na ikwalaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha masafa, wiki nzima nikidhani chumba kina kasoro. Dawa ilikuwa kuishusha kiki nusu toni moja. Basi.

Kisha nikajifunza ule mngurumo unaotambaa chini ya kiki, ambao nilikuwa nikiutafuta kwenye lupu za besi bila kuupata. Hauko kwenye besi. Unachukua nakala ya kiki ileile, unaipitisha kwenye riverbu (mwangwi wa chumba) ya sekunde 2 hivi, unakata kila kitu kilicho juu ya hezi 120, unaichafua kidogo kwa kuizidishia nguvu, unaifanya ya mono, yaani sauti moja kwa masikio yote mawili, halafu unaweka kompresa, kifaa cha kupunguza nguvu ya sauti, inayoifinya kila kiki halisi inapopiga. Kiki inapita, mngurumo unainama, kisha unainuka nyuma yake. Wanshoti moja inakupa nguzo na ardhi yake.

Kipande changu cha kwanza kukamilika kina dakika 6 na sekunde 20. Sikukipanga kwa kuburuta vipande kwenye skrini. Niliiacha mizunguko yote itembee, nikawasha kurekodi, nikawa nafungua na kufunga filta, chujio la masafa, kwa mkono, nazima kijiti, nakirudisha, naiacha kengele peke yake na mngurumo kwa baa 16. Nilirekodi mara 4 nikachukua ya tatu.

Lupu ya asili ilikuwa bado imo ndani, sikio la kushoto, kama kipimo. Nilipoizima kwa mara ya mwisho ili niifute, kitu kikapungua. Ngoma zote zilikuwa zangu na zimekamilika, ila nyuma ya ile lupu kulikuwa na pumzi fulani, mvumo wa chumba au wa mashine iliyoirekodi, ambao wanshoti zangu safi hazikuwa nao. Nikairudisha, nikakata kila kitu kilicho chini ya hezi 6,000, nikaishusha mpaka ikawa haisikiki isipokuwa ukiizima. Imebaki humo mpaka leo.