Kabla ya kusakinisha mfumo wa picha za makumbusho

Picha za makumbusho nyingi zimetawanyika: nyingine kwenye simu ya mhifadhi, nyingine kwenye fleshi ya mpiga picha, nyingine kwenye folda iitwayo "Mpya 2". Mfumo wa kusimamia faili za dijitali huzikusanya mahali pamoja, na programu huria kama ResourceSpace haina ada ya leseni. Lakini ukiisakinisha kabla ya kupanga namba na maneno, utakuwa umehamisha vurugu kutoka kwenye fleshi hadi kwenye seva.

Anza na namba ya usajili. Jina la faili litokane na namba iliyo kwenye daftari na kwenye kifaa chenyewe: 1978-0005_01.tif, yaani kifaa cha 5 cha mwaka 1978, picha ya kwanza. Sufuri hizo zina kazi, kwani bila hizo programu nyingi hupanga 10 kabla ya 2. Kama daftari linatumia mkwaju (1978/5), weka kistari, maana Windows haikubali mkwaju katika jina la faili.

Halafu kuna Excel, programu ya majedwali, inayoharibu namba kimyakimya. Andika 1978-5 kwenye seli ya kawaida, itadhani ni tarehe na kuonyesha May-78. Ukishtuka na kuibadilisha seli iwe ya maandishi, utapata 28611, ambayo ni hesabu yake ya ndani ya tarehe 1 Mei 1978. Namba ya usajili ndiyo hiyo imepotea. Safu nzima ifanywe ya maandishi kabla ya kuandika chochote. Faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu) nayo usiifungue kwa kuibofya mara mbili. Iingize kwa menyu ya data na utaje aina ya kila safu.

Maneno yanataka subira zaidi, na hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko pengine pote. Mtu akitafuta "mbuzi" mfumo utamletea mnyama na kibao cha kukunia nazi kwa pamoja. Akitafuta "kanga" atapata nguo na ndege. Tengeneza orodha ya maneno yaliyokubaliwa, "mbuzi ya nazi", "kanga (nguo)", na anayeingiza taarifa achague badala ya kuandika apendavyo. Visawe viwe na sehemu yake, ili anayetafuta "pembe" aipate siwa, baragumu la jadi. Kanga pia inahitaji sehemu ya jina lake, yaani maandishi yaliyochapwa juu yake. Yanakili herufi kwa herufi hata kama tahajia ni ya zamani, kisha kwenye sehemu ya pili yaandike kwa tahajia ya leo. Ukisahihisha ile ya kwanza umefuta ushahidi wa umri wa nguo.

Jaribu na vitu 200 vya mkusanyo mmoja. Watu wawili waingize taarifa za vitu 20 vilevile bila kuoneshana, kisha mlinganishe. Kila mnapotofautiana, kanuni haijaeleweka.

Suala la nani aone nini lisiachiwe fundi wa kompyuta. Picha ya simu mara nyingi hubeba majira, yaani namba za GPS za mahali ilipopigwa. Kwa kigango, nguzo ya mti iliyochongwa kumkumbuka marehemu, kilichosimama kwenye boma la Wagiriama, majira hayo ni ramani ya mwizi. Vigango vimeibwa na kuuzwa ng'ambo kwa miaka mingi; 30 vilirudishwa Kenya na Denver Museum of Nature & Science mwaka 2019. Nakala ya umma iondolewe majira, na ile asili ifunguliwe na wachache waliotajwa kwa majina.

Ukubwa unahesabika mapema. Picha ya pikseli milioni 24 katika TIFF (aina ya faili ya picha) ya biti 16 ni 6000 × 4000 × rangi 3 × baiti 2, yaani megabaiti 144. Vitu 2,500 vyenye picha nne kila kimoja vinakula terabaiti 1.44, na nakala ziwe tatu: mbili jengoni kwenye vyombo tofauti, moja mbali. Hewa ya chumvi hula diski, kwa hiyo iliyo nje ya seva ikae kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli ya kufyonza unyevu. Seva iwe na UPS (betri ya akiba), maana umeme ukikatika faili inapopakiwa, huweza kubaki nusu.

Nakili folda ya faili pamoja na hifadhidata usiku uleule. ResourceSpace huzipa faili majina yake ya tarakimu na herufi zisizosomeka, na hifadhidata ndiyo inayojua ipi ni ipi. Kila miezi mitatu rudisha vyote viwili kwenye kompyuta nyingine, tafuta 1978-0005, ufungue picha, ulinganishe cheksamu yake (namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili, hubadilika faili ikibadilika) na ile iliyorekodiwa siku ya kuingizwa.