Kliki sikioni, gitaa kwenye spika: kumbukumbu ya mradi wangu

Mradi wenyewe ni huu. Nataka kupiga gitaa la solo kwenye wimbo wetu mmoja wa kwaya, toka mwanzo mpaka sebene la mwisho, ile sehemu ya kuchezesha inayoongozwa na gitaa, huku kliki ya metronomi (kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi isiyobadilika) ikigonga sikioni mwangu tu na waumini wasiisikie kabisa. Wimbo unaanza taratibu, mapigo 100 kwa dakika, halafu sebene linapanda hadi 125. Tulipokwenda kurekodi mara ya kwanza, fundi alirudisha lile sebene la dakika nne, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Kaka, dramu zimekaa. Wewe ndiye unayekimbia." Usiku ule usingizi ulikuja kwa tabu. Kesho yake nikaanza kuandika kumbukumbu hizi, chumbani kwangu Mabatini, Mwanza.

Kwanza nilipiga hesabu. Dakika nne kwa kasi ya 125 ni mapigo 500. Ukipiga kwa kasi ya 126 yanakuwa 504. Pigo moja zaidi kwa dakika, jambo ambalo sikio langu haliwezi kulikamata, na mwisho wa sebene nimewatangulia wenzangu kwa baa nzima, yaani mapigo manne.

Wiki ya kwanza

Prosesa yangu ya efekti, kile kifaa kinachobadilisha sauti ya gitaa, ni ndogo, ya kukanyaga kwa mguu, na ina metronomi ndani yake. Nikadhani kazi imekwisha. Alhamisi, mazoezini Kirumba, nikachomeka waya kwenye mikisa, nikawasha. Ko, ko, ko, spika zote mbili za ukumbi. Mama mmoja wa sauti ya pili akageuka: "Mwanangu, hicho kinachogonga ni nini?" Nikazima.

Nyumbani nilipekua menyu yote. Prosesa hii inachanganya kliki na gitaa kabla sauti haijatoka, kwa hiyo tundu la hedifoni na tundu la kwenda kwenye spika yanatoa kitu kilekile. Zipo prosesa kubwa zinazokuruhusu kuipeleka kliki kwenye hedifoni peke yake. Yangu haina njia hiyo.

Nikajaribu metronomi ya simu, nikaichomeka pamoja na gitaa kwenye tundu la kuingilia. Usifanye hivi. Chochote kinachopita hapo kinapita kwenye mnyororo mzima wa efekti: kliki ikakwaruzwa na distoshen, ikafika kwenye delei ikaanza kuzaa mwangwi, na baada ya baa mbili sikujua pigo la kweli ni lipi. Tundu la kuchezea muziki kutoka kwenye simu haligusi efekti, hilo ni zuri kwa mazoezi ya nyumbani, lakini nalo linaishia kwenye spika.

Wiki ya pili

Nilinunua hedifoni zisizo na waya pale Makoroboi. Nyumbani nikiwa peke yangu zilifanya kazi vizuri, na hapo ndipo nilipodanganyika. Bluetuthi huchelewesha sauti, mara nyingi milisekunde 100 hadi 200, ila kila kliki inachelewa kiasi kilekile, kwa hiyo ukiwa peke yako hugundui lolote. Shida ilijitokeza mazoezini, mpiga dramu alipochomeka hedifoni za waya kwenye simu ya pili yenye metronomi ileile, tukiwa tumezianzisha pamoja. Yeye alikuwa sawa, mimi nyuma yake muda wote, nikijitahidi kumkuta na nisimkute.

Tukarudi kwenye waya. Sasa simu ni moja, ina kigawanyio cha kutoa njia mbili: mmoja kwake, mmoja kwangu. Sikio langu la kulia lina kliki, la kushoto liko wazi nisikie kwaya. Kliki haigusi prosesa hata kidogo. Kwa kuwa waya ni mfupi ilinibidi nihamie karibu na dramu, na hilo limenisaidia kuliko nilivyotegemea. Sauti hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Zamani nilisimama kama mita 8 kutoka kwake, kumbe dramu zilikuwa zinanifikia zimechelewa zaidi ya milisekunde 20 kabla hata sijagusa uzi.

Wiki ya tatu: delei

Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Nilizoea kupanga delei kwa kugonga pedali na mguu. Nilipotazama skrini vizuri nikaona nikigonga naipata 122, nikirudia 127. Mwangwi ulikuwa unavutana na kliki, nami nikiufuata mwangwi. Sasa naandika namba. Gawanya 60,000 kwa kasi ya wimbo, unapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde: kwa 125 ni 480, kwa 100 ni 600. Mimi natumia robo tatu ya pigo, kwa hiyo 360 kwenye sebene na 450 kwenye beti. Nimehifadhi mipangilio miwili, moja kwa kila kasi, na umeme ulipokatika katikati ya kazi nilijifunza kuihifadhi mara tu ninapoiandika.

Faida yake sikuitegemea. Nikipiga nota mbili kwa kila pigo, kila nota ina milisekunde 240. Mwangwi wa nota ya kwanza unarudi kwenye 360, yaani katikati kabisa ya nota ya pili na ya tatu. Nikiwa sawa, sauti zinasukana kama ukili, nota, mwangwi, nota, mwangwi. Nikikimbia kidogo tu, mwangwi unaikanyaga nota na naisikia inachafuka. Delei imekuwa metronomi ya pili, na hii inatoka kwenye vidole vyangu mwenyewe.

Ila mazoezi ya kila jioni nayaanza na efekti zote zimezimwa. Sauti kavu haifichi kitu.

Wiki ya nne na ya tano

Nimezima kliki ya pigo la kwanza na la tatu, nabaki na la pili na la nne. Nilitaka kupunguza kasi nusu, lakini nusu ya 125 ni 62.5, na programu yangu haipokei desimali, hivyo naiacha 125 na kunyamazisha mapigo mawili. Siku mbili za mwanzo nilipotea kabisa. Siku ya tatu mkono wa kulia ukatulia.

Kisha nikaingia kwenye kimya: baa mbili za kliki, baa mbili bila. Wazo nililipata mwaloni Kirumba, wakati watu wanavuta mtumbwi nchi kavu. Mmoja anaita, na nguvu yote inakuja baada ya sauti yake kukatika, wote kwa pamoja, bila wa kuwahesabia. Nilisimama pale na mfuko wangu wa dagaa hadi mtumbwi ukapanda wote.

Nimejirekodi pia kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi sauti, gitaa njia moja, kliki njia nyingine. Kabla ya kujihukumu nilipitisha kliki kwa waya kutoka tundu la kutokea la kompyuta hadi la kuingilia, nikaona inarudi imechelewa, nikairekebisha. Bila hivyo ningeilaumu mikono kwa kosa la kompyuta. Nilipokuza picha ya mawimbi, ugonjwa ukaonekana wazi: nota zangu ziko sawa hadi pale mkono wa kushoto unapopanda kwenda fret ya 12, kile chuma cha kumi na mbili kwenye shingo ya gitaa. Hapo nawahi milisekunde 30 hadi 40, kila mara, na nikishafika juu sirudi nyuma. Naharakisha kwa kuogopa kuchelewa kufika. Sasa kuruka huko pekee nakurudia kwa 90, mara ishirini kila jioni, kabla ya kitu kingine chochote.

Nilipofika

Alhamisi iliyopita tulipiga sebene zima, dakika nne, na kliki ya mwisho ikaangukia juu ya nota yangu ya mwisho. Mpiga dramu aliinua kijiti bila kusema kitu. Bado kuna mahali pawili ninapowahi, nimepaandika.

Kilichobaki ni daraja la kutoka 100 kwenda 125. Kwa sasa nabadilisha kwa kidole kwenye simu huku nikikanyaga mpangilio mpya, na mikono haitoshi. Wiki hii natengeneza faili moja ya sauti yenye kliki ya wimbo mzima, na mapigo manne ya kasi mpya yatagonga kwa mlio mkali zaidi kabla ya sebene kuingia.