Muhuri kwenye nakala ya baba

Mwaka ule kaka yangu alikuwa mahabusu katika gereza moja la huku Nyanda za Juu Kusini. Kesi ya mauaji haina dhamana, na kila alipofikishwa mahakamani jibu lilikuwa lile lile: upelelezi haujakamilika. Ikaingia Julai, mwezi ambao Mbeya watu hulala na makoti. Kaka alilala kwenye simenti bila blanketi. Siku za kuwatembelea tulisikia kikohozi chake kabla hajatokea.

Baba akasema twende Mahakama Kuu. Kwanza tukapita kwa wakili pale Mwanjelwa, mama mpole wa sauti lakini mkali wa karatasi.

"Mzee, ukienda leo watakuuliza ulilalamika wapi, na nani alipokea."

Akatufungulia Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, kifungu cha 8(2): Mahakama Kuu haitatumia mamlaka yake ikiridhika kwamba ipo njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu. Marekebisho ya 2020 yalikaza zaidi, yakamtaka mlalamikaji amalize kwanza njia zote zilizopo. Kwa hiyo tuanze na mkuu wa gereza, kisha mkuu wa magereza wa mkoa, kisha Kamishna Jenerali.

"Mwanangu, mtoto anakwisha huku sisi tunaandika barua?" baba aliuliza.

Wakili hakumbishia. Alitusimulia ya Marekani, ambako sheria ya 1996 inamzuia mfungwa kufungua kesi kuhusu hali ya gereza kabla hajamaliza utaratibu wa malalamiko wa ndani. Mfungwa mmoja wa San Quentin, California, aitwaye Ngo, alichelewa kupeleka lalamiko lake. Kanuni zilimpa siku 15 za kazi. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikasema aliyechelewa hivyo hajamaliza utaratibu. Ila mwaka 2016, katika kesi ya Ross na Blake, mahakama hiyo hiyo ikasema njia iliyozibwa na maofisa wenyewe haihesabiki kuwa ipo.

"Ile si sheria yetu," alisema, "lakini mnaona kesi inavyosimama au kuanguka: ulilalamika lini, na una nini cha kuonyesha."

Tulikwenda na barua na nakala yake. Baba alivaa koti la kanisani. Askari wa getini akaisoma barua taratibu, akaikunja mara nne.

"Iache hapa, mzee. Itafika."

"Naomba unigongee muhuri kwenye nakala yangu, afande."

"Muhuri uko ofisini, na mwenye ofisi katoka."

Baba hakuondoka. Alisimama pembeni ya geti, nakala mkononi, akiwapisha waliokuja na vyakula vya ndugu zao, mpaka muda wa kutembelea ukaisha. Muhuri haukuja.

Hasira yangu iko hapo mpaka leo. Nakubali gereza lipewe nafasi ya kurekebisha mambo yake. Blanketi halihitaji jaji. Lakini huwezi kumdai mtu ushahidi kwamba alilalamika, halafu ushahidi huo ukamkabidhi anayelalamikiwa autoe akipenda. Na sisi tulikuwa nje, tuna miguu na nauli. Aliye ndani, asiye na ndugu, anaomba hata kalamu kwa huyo huyo anayemlalamikia.

Wakili alitutuma posta. Karani akapima bahasha, akaisajili kwa rejista, akatukatia stakabadhi yenye tarehe. Baba akaitoa fotokopi kabla hatujavuka barabara. Nakala nyingine ilikwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Jibu la maandishi hatukupata. Ila baada ya kumwandikia na mkuu wa magereza wa mkoa, kaka alipelekwa hospitali na mablanketi yakagawiwa. Wakili akasema tulichoomba kimepatikana, tunaweza kuishia hapo.

Baba akanigeukia. "Kaka yako alisema yamegawiwa selo ngapi?"

"Ya kwake tu."

"Basi mama, andika ya Kamishna."