Usisubiri mzazi atoke arobaini

Binti wa miaka 17 anayelea mimba kwenye nyumba ya watu hatakuja kukuomba msaada. Mfuate wewe, mhudumu wa afya, na umfuate kabla hajajifungua, ili nauli, msindikizaji na kituo cha kukimbilia vijulikane mapema. Uchungu ukianza usiku, hakuna muda wa kutafuta kadi ya kliniki iliko.

Takribani robo tatu ya vifo vya watoto wachanga hutokea katika wiki ya kwanza. Kwa hiyo mhudumu wa afya ngazi ya jamii apige hodi siku ya 1, ya 3 na ya 7, na azidishe ziara kwa mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2,500. Pwani mzazi hukaa ndani siku 40, akakandwa na kupikiwa uji. Ni mapumziko mazuri, lakini yasigeuke sababu ya kumficha mtoto anayeumwa: “hajatoka arobaini” limechelewesha wengi.

Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima. Usihesabu nusu ukazidisha kwa mbili, kwani mchanga hupumua bila mpangilio. Ukipata 60 au zaidi, rudia. Zikibaki hivyo, ni rufaa, yaani apelekwe kituo cha afya. Vivyo hivyo akigoma kunyonya, akipata degedege, kifua kikibonyea sana anapovuta hewa, joto likizidi 37.5 au likishuka chini ya 35.5, au viganja na nyayo zikiwa za manjano.

Kisha omba kumwona akinyonya. Kidevu kiguse ziwa, mdomo uwe wazi, wa chini umegeuka nje. Chuchu zinazopasuka mara nyingi zatokana na mtoto kushika ncha tu, na mama aliye mgeni wa kunyonyesha hudhani maziwa yake ni haba, akaanza kumpa maji.

Kosa kubwa tunaloliona ni mhudumu kumkagua mtoto na kuondoka. Mama naye aulizwe, tena peke yake, kwa sababu mbele ya mama mkwe atasema “sijambo” hata kama hajala tangu jana. Muulize kama wiki 2 hizi amekuwa na huzuni au amekosa hamu ya mambo, kama anapigwa, na kama amewahi kuwaza kujidhuru. Akikubali hilo la mwisho, usimwache peke yake. Mpeleke kituoni siku hiyo hiyo, pamoja na mtoto.